Safari ya Kwanza ya Johannesburg: Mazoea Yanayofaa na Yasiyofaa

Johannesburg ndio mji mkubwa kuliko yote nchini Afrika Kusini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 4.8 katika manispaa yake. Mji ulianza mwaka 1886, dhahabu ilipogunduliwa katika miinuko ya Witwatersrand, na hadi leo wasemaji wa Kizulu huuita eGoli, yaani mahali pa dhahabu. Hauko baharini, ziwani wala kando ya mto mkubwa. Kilichowakusanya watu hapo ni madini, na baada ya madini zikafuata benki, viwanda, vyuo na biashara za kila namna.

Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki, huu ndio mji wa kwanza wa mbali wanaoufikia. Ndege kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa tatu na nusu, na kutoka Nairobi saa nne hivi. Mitaani Tanzania nchi hiyo ina majina yake: Sauzi, Bondeni, kwa Madiba, yaani kwa Mandela. Wanaokwenda huko ni wa aina nyingi. Yumo mwanafunzi aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mchuuzi anayefuata nguo za kuuza, msanii aliyealikwa kwenye tamasha, na binti anayemtembelea dada yake aliyeolewa huko.

Ugumu wa safari hii unatokana na kufanana kwa mji huo na nyumbani. Kijana anayeshuka Tokyo hujiona mgeni tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo huuliza kila jambo. Anayeshuka Johannesburg hukuta Waafrika wenzake, vibasi vilivyojaa abiria, ugali mezani, nyama juu ya makaa, na lugha zenye maneno anayoyaelewa nusunusu. Hujiona yuko kwao, akaacha kuuliza. Hapo ndipo makosa mengi ya safari ya kwanza yanapoanzia, na wahenga hawakukosea waliposema kuwa mazoea yana taabu. Maandalizi mazuri ya safari hii ni kutenganisha mazoea ya nyumbani yanayofaa kuchukuliwa na yale ya kuachwa mpakani.

Hati za kuingia

Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka. Kenya ilipata nafuu hiyohiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2023, baada ya Rais Cyril Ramaphosa kuzuru Nairobi mwezi Novemba 2022. Kabla ya hapo Wakenya walilazimika kuomba viza na kusubiri hata kwa safari ya siku tatu. Raia wa Kongo bado huhitaji viza. Raia wa nchi nyingine hufanya vyema kuuliza ubalozi wa Afrika Kusini kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu orodha ya waliosamehewa hubadilika.

Msamaha wa viza una mipaka yake. Unaruhusu kutembea, kuzuru ndugu, kuhudhuria mkutano au kununua bidhaa. Hauruhusu kuajiriwa wala kusoma shahada. Afisa wa uhamiaji anaweza kutaka kuona tiketi ya kurudi, fedha za kutosha, na anwani ya mahali pa kufikia. Pasipoti inatakiwa iwe hai kwa angalau siku 30 baada ya tarehe ya kuondoka, na iwe na kurasa mbili ambazo hazijagongwa muhuri. Kabla ya kuondoka dirishani, msafiri asome tarehe iliyoandikwa kwenye muhuri wake. Hiyo ndiyo siku yake ya mwisho, hata kama alitarajia siku nyingi zaidi.

Kuzidisha siku kuna adhabu inayojulikana. Aliyezidisha siku zisizofika 30 anaweza kufungiwa kuingia nchini humo kwa miezi 12. Aliyezidisha zaidi ya hapo anaweza kufungiwa kwa miaka mitano. Wapo vijana wanaoambiwa na wenyeji wao kuwa karatasi zitatengenezwa baada ya kufika. Sheria haiko upande wao, kwa kuwa mgeni aliyeingia kama mtalii kwa kawaida haruhusiwi kubadilisha hadhi yake akiwa ndani ya nchi. Anayekwenda kusoma aombe viza ya masomo akiwa bado nyumbani, akiwa na barua ya chuo, bima ya afya na cheti cha polisi cha tabia njema. Viza hiyo humruhusu pia kufanya kazi kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo. Mtanzania anayebadilisha ndege Nairobi au Entebbe naye asikiache nyumbani. Chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa usiku wa kuamkia safari hakusaidii. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho.

Uzito wa karatasi za safari unaonekana vizuri katika historia ya Tanzania na Afrika Kusini. Mwezi Januari 1962 Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, akapitia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, hadi Mbeya na Dar es Salaam. Hakuwa na pasipoti, na ilikuwa Tanganyika iliyompa karatasi ya kumtambulisha na kumruhusu atoke na kurudi. Aliporejea kwao alikamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Katika kifungo cha miaka mitano alichohukumiwa, miaka miwili ilikuwa kwa kosa la kutoka nchini bila hati halali. Mandela aliichagua hatari hiyo akijua anachokipigania. Kijana wa leo hana sababu ya kuibeba kwa uzembe.

Wanaosafiri kwa barabara wana hesabu ndefu zaidi. Njia iliyozoeleka hutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, ikavuka Zambia na Zimbabwe, kisha ikaingia Afrika Kusini kwa daraja la Beitbridge juu ya mto Limpopo. Ni safari ya siku kadhaa yenye mihuri ya kutoka na kuingia katika kila mpaka. Muhuri mmoja uliorukwa kwa haraka, au kwa ushauri wa mpambe wa mpakani, humfanya msafiri aonekane aliingia kwa njia za panya.

Saa, majira na umeme

Saa za Afrika Kusini ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja. Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na namna ya kuhesabu. Mswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, ilhali wenyeji wa Johannesburg, wanaposema Kizulu au Kiingereza, huhesabu tangu usiku wa manane. Anayeambiwa kwa Kiingereza kuwa basi linaondoka saa 8 asubuhi anaambiwa saa mbili ya Kiswahili. Tiketi iliyoandikwa 02:00 ni saa nane usiku. Njia salama ni kuandika saa kama zilivyo kwenye tiketi na kutozitafsiri kichwani.

Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,750, karibu sawa na Nairobi. Lakini uko mbali kusini, kwa hiyo baridi yake ni nyingine. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hukaribia nyuzi sifuri, nyasi huamka na sakitu, na nyumba nyingi hazina vipasha joto vya kudumu. Aliyetoka Tanga au Mombasa akiwa na sweta moja atateseka. Mvua hunyesha zaidi kati ya Oktoba na Machi, mara nyingi alasiri, pamoja na radi kali.

Soketi za ukutani nazo ni tofauti. Afrika Mashariki hutumia plagi yenye meno matatu ya bapa, na Afrika Kusini plagi yenye meno matatu makubwa ya mviringo. Nguvu ya umeme ni ileile, kwa hiyo adapta ya bei ndogo inatosha. Mgawo wa umeme uliisumbua nchi hiyo kwa miaka mingi na ulikuwa mkali sana mwaka 2023. Umepungua sana tangu 2024, ila betri ya akiba ya simu bado ni mzigo wenye faida.

Kufika mjini

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa O.R. Tambo, uliopewa jina la Oliver Tambo mwaka 2006, uko upande wa mashariki, katika manispaa jirani ya Ekurhuleni. Usafiri ulio wazi zaidi kwa mgeni ni treni ya Gautrain. Ilianza kazi tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, na hutoka uwanjani hadi Sandton kwa dakika kama 15. Kutoka hapo abiria hubadilisha kwenda Rosebank, Park Station au Pretoria. Hulipiwa kwa kadi maalumu ya treni au kwa kadi ya benki ya kugusa. Haifanyi kazi usiku wa manane, kwa hiyo ndege inayotua mapema mchana humpunguzia mgeni gharama na wasiwasi.

Kuna wizi wa aina moja ambao polisi wamekuwa wakiuonya umma kuuhusu: abiria huangaliwa uwanjani akibadilisha fedha nyingi, gari lake likafuatwa, na akaporwa anapofika mlangoni. Kwa sababu hiyo inafaa kubadilisha kiasi kidogo tu uwanjani, kutohesabu noti mbele za watu, na kumkatalia kwa upole anayejitolea kubeba begi au kutafuta gari. Jamaa anayempokea mgeni aingie hadi ndani ya jengo.

Mabasi ya masafa marefu hushusha abiria Park Station, katikati ya mji. Pana shughuli nyingi na vibaka wa kuvizia mizigo. Kufika mchana na kusubiri ndani ya kituo, mahali penye mwanga na walinzi, huondoa sehemu kubwa ya hatari.

Usafiri wa kila siku

Mtandao wa usafiri wa Johannesburg hauwezi kueleweka bila historia ya ubaguzi wa rangi. Serikali ya makaburu iliwaweka Waafrika mbali na mji waliokuwa wakiujenga. Soweto, jina lililotolewa rasmi mwaka 1963 kwa kufupisha maneno yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, iko kilomita nyingi kutoka katikati. Wafanyakazi walihitaji njia ya kufika kazini, na Waafrika wenyewe wakaijaza nafasi hiyo kwa vibasi vinavyoitwa teksi. Hadi leo vibasi hivyo ndivyo vinavyobeba abiria wengi kuliko treni na mabasi.

Kwa macho, teksi ya Johannesburg ni daladala au matatu. Kwa matumizi, ni chombo kingine. Haina kondakta wa kuita njia. Abiria ndiye anayesema aendako kwa ishara ya mkono akiwa kando ya barabara. Kidole cha shahada kilichoinuliwa juu humaanisha katikati ya mji, na njia nyingine zina ishara zake. Ndani ya gari nauli hukusanywa na abiria wenyewe, ikapitishwa kutoka nyuma kwenda mbele, na chenji ikarudi kwa njia hiyohiyo. Anayeketi kando ya dereva ndiye anayehesabu, kwa hiyo mgeni asiyejua noti za randi vizuri asikimbilie kiti hicho. Anayetaka kushuka hutaja mahali mapema. Taa za barabarani huitwa roboti, na mtu akielekezwa ashuke baada ya roboti ya pili asitafute mashine.

Vituo vikubwa vya teksi, kama kile cha Noord katikati ya mji au cha Bara mbele ya hospitali ya Chris Hani Baragwanath huko Soweto, vina mistari mingi isiyo na vibao vya kutosha. Wasimamizi wa foleni ndio wa kuulizwa. Mara ya kwanza ni bora kwenda na mwenyeji, mchana, bila mzigo mkubwa.

Mabasi ya Rea Vaya, jina lenye maana ya tunakwenda, yalianza mwaka 2009 na hupita katika njia zake maalumu. Aliyepanda mwendokasi Dar es Salaam atayaelewa mara moja. Magari ya kuitwa kwa programu ya simu ndiyo tegemeo la usiku. Kabla ya kupanda, namba ya gari na sura ya dereva vilinganishwe na vilivyo kwenye simu. Baadhi ya waendesha teksi wamekuwa na ugomvi na madereva hao, hasa karibu na vituo na maduka makubwa, kwa hiyo dereva akiomba abiria asogee mbele kidogo, huwa ana sababu, lakini abiria asikubali kupelekwa mahali pa giza.

Fedha na simu

Hakuna zoea la nyumbani linaloangusha wageni wengi kama la pesa za simu. Kijana wa Nairobi au Mwanza hulipa nauli, mboga na kodi kwa simu, na huiona nembo ya Vodacom Johannesburg akadhani M-Pesa yake itafanya kazi. Vodacom iliianzisha huduma hiyo Afrika Kusini mwaka 2010, ikashindwa kupata wateja wa kutosha, na ikaifunga mwaka 2016. Sababu moja kubwa ni kwamba wakazi wengi tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi, kwa hiyo haja iliyoikuza M-Pesa Kenya haikuwepo kwa kiasi hicho. Matokeo kwa msafiri ni haya: kadi ya benki ndiyo nyenzo kuu, na benki yake ijulishwe mapema kuwa itatumika nje ya nchi, isije ikafungwa siku ya kwanza.

Fedha taslimu ni randi, yenye noti za 10, 20, 50, 100 na 200. Noti zilizotolewa kuanzia mwaka 2012 zina sura ya Mandela. Shilingi za Afrika Mashariki si rahisi kubadilisha huko, kwa hiyo wengi hubeba dola. Mashine za kutolea fedha zilizo ndani ya benki au maduka ni salama kuliko za barabarani. Anayejitokeza kusaidia mtu aliyekwama kwenye mashine mara nyingi anataka namba ya siri au kadi yenyewe, na msaada wake ukataliwe.

Matumizi yana desturi zake. Mhudumu wa mgahawa huachiwa asilimia 10 hadi 15 ya bili, kwa kuwa mshahara wake hutegemea sana bakshishi. Mlinzi wa magari mtaani na mjazaji mafuta hupewa sarafu chache. Bei ya dukani tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, na mgeni anayetoka na bidhaa zenye jumla inayozidi randi 250 anaweza kuidai uwanjani akiwa na stakabadhi halisi za kodi. Mchuuzi anayenunua nguo za mtaji asitupe hata risiti moja.

Laini ya simu husajiliwa kwa sheria, na muuzaji hudai pasipoti na anwani ya mahali mgeni anapokaa. Laini zinazouzwa mitaani zikiwa tayari zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni za kuepuka. Uhalifu ukifanywa kwa laini hiyo, aliyenayo mkononi ndiye wa kujieleza.

Mahali pa kukaa na pa kutembelea

Mgeni wa siku chache asiye na ndugu hupata urahisi Rosebank, penye kituo cha Gautrain, au Melville na Braamfontein, mitaa yenye wanafunzi wengi na nyumba za wageni za bei ya kati. Sandton ni pazuri lakini ghali. Maboneng, upande wa mashariki wa katikati ya mji, huwavutia vijana wa sanaa. Hali ya mitaa inaweza kubadilika ndani ya hatua mia tano, kwa hiyo ramani ya simu haitoshi. Mwenyeji aulizwe ni upande gani wa kutembea kwa miguu na hadi saa ngapi.

Kiswahili husikika zaidi Yeoville, yenye Wakongo wengi na soko la vyakula vya Kiafrika, na Mayfair, mtaa wa Wasomali na Waislamu wa mataifa mengi. Jirani na Mayfair ni Fordsburg, mtaa wa Wahindi, penye migahawa halali na jengo la maduka la Oriental Plaza. Wengi hufikia kwa ndugu au rafiki katika mitaa hiyo. Undugu huo ni akiba kubwa, ila usiachwe bila makubaliano. Nyumba nyingi ni chumba kimoja kinacholipiwa kodi ya juu. Ni heshima kupanga mapema siku za kukaa na mchango wa chakula na umeme, na kubeba barua ya mwenyeji yenye anwani ya kuonyesha uhamiaji.

Kwa anayetaka kuufahamu mji, sehemu nne zinatosha kwa kuanzia: Jumba la Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi, lililofunguliwa mwaka 2001, Constitution Hill, gereza la zamani ambalo leo lina Mahakama ya Katiba, makumbusho ya Hector Pieterson, yanayosimulia mauaji ya wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976, na Mtaa wa Vilakazi, walipokuwa na nyumba Mandela na Askofu Desmond Tutu.

Lugha, heshima na chakula

Afrika Kusini ina lugha rasmi 12, tangu lugha ya alama ilipoongezwa mwaka 2023. Johannesburg, Kizulu ndicho kinachosikika zaidi, kikifuatiwa na lugha za Kisotho, Kixhosa na nyinginezo, na Kiingereza huunganisha wote. Mswahili husikia abantu akajua ni watu, inyama akajua ni nyama, amanzi akakisia maji, imali akaelewa mali au fedha. Lakini ingozi si ngozi, ni hatari. Neno hilo likiandikwa kwenye uzio wa umeme, kukisia kunaweza kugharimu uhai.

Zoea moja la nyumbani linafaa kuchukuliwa lote: salamu. Mtu anayeanza kwa swali bila kusalimu huonekana hana adabu, kama ilivyo Unguja au Kigoma. Mmoja husalimiwa sawubona, wengi sanibonani, na shukrani ni ngiyabonga. Mtu mzima huitwa baba au mama, kijana wa kiume bhuti, wa kike sisi. Anayejaribu maneno hayo, hata kwa lafudhi ya kigeni, hufunguliwa milango ambayo Kiingereza kitupu hakiifungui. Kiswahili nacho kina hadhi huko: mwaka 2018 serikali ilitangaza kukiingiza shuleni kama somo la hiari.

Chakula hakina taabu. Papu ni ugali wa mahindi meupe, mogodu ni matumbo, amagwinya ni ndugu wa maandazi, na shisa nyama ni nyama choma yenye muziki. Kota, robo ya mkate iliyotobolewa na kujazwa chipsi na soseji, humshibisha mwanafunzi kwa bei ndogo. Muislamu atafute alama ya halali dukani, maana nyama ya nguruwe na soseji zilizochanganywa ni za kawaida.

Usalama na chuki dhidi ya wageni

Uporaji kwa silaha upo Johannesburg kwa kiwango ambacho vijana wengi wa Afrika Mashariki hawajakizoea. Nyumbani mwizi wa simu huitiwa mwizi na umati ukamkimbiza. Johannesburg anayepora anaweza kuwa na bastola, na kupambana naye ni kuweka roho rehani kwa ajili ya simu. Ushauri wa wenyeji ni mmoja: toa, usibishane, usimkazie macho. Simu isishikwe mkononi barabarani, vito vya thamani vibaki nyumbani, na kutembea kwa miguu kuishe jua linapozama. Namba za dharura ni 10111 kwa polisi, 10177 kwa gari la wagonjwa, na 112 kwa simu ya mkononi.

Polisi na maafisa wa uhamiaji wana haki ya kumtaka mgeni aonyeshe hati. Pasipoti halisi ibaki mahali salama, na nakala iliyothibitishwa ibebwe mfukoni. Vituo vya polisi huthibitisha nakala bila malipo. Aliyezoea kutafuna mirungi ajue kuwa huko Afrika Kusini mirungi ni dawa iliyopigwa marufuku. Na begi la mtu mwingine, hata la jirani mpendwa, lisibebwe bila kufunguliwa na kukaguliwa.

Jambo zito zaidi ni chuki dhidi ya Waafrika wa nchi nyingine, wanaotukanwa kwa jina la makwerekwere. Mwezi Mei 2008 mashambulizi yalianzia Alexandra, kitongoji cha kimaskini kilicho jirani na utajiri wa Sandton, yakasambaa katika miji mingine. Watu 62 waliuawa, 21 kati yao wakiwa Waafrika Kusini waliodhaniwa wageni au waliokutwa upande wa wageni. Mashambulizi yalirudi Aprili 2015 na Septemba 2019, na tangu mwaka 2021 kundi la Operation Dudula limekuwa likiandamana dhidi ya wageni. Mizizi yake ni ukosefu wa ajira, huduma mbovu, na wanasiasa wanaopata faida kwa kuwaelekezea wageni lawama. Mashambulizi hutokea zaidi katika vitongoji vya kimaskini na kwenye maduka madogo ya wageni. Hata hivyo kila msafiri anapaswa kufuatilia habari, kukaa mbali na maandamano, na kuwa na namba ya ubalozi wake, ulioko Pretoria, kilomita zisizofika 60 kutoka Johannesburg.

Wenyeji wote wasihukumiwe kwa matendo hayo. Wapo waliowaficha majirani zao wageni usiku wa ghasia. Wapo pia wazee wanaokumbuka Kongwa, Tanzania, walikofunzwa wapiganaji wa ukombozi, na Mazimbu, Morogoro, ilikojengwa shule ya wakimbizi wa chama cha ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Baadhi yao bado hujibu salamu kwa Kiswahili.

Afya

Maji ya bomba ya Johannesburg kwa kawaida hunyweka, ingawa hukatika mara kwa mara katika baadhi ya mitaa. Hospitali binafsi hudai malipo au bima kabla ya kumlaza mgonjwa asiye wa dharura kubwa, kwa hiyo bima ya safari ni sehemu ya tiketi.

Malaria haiambukizwi mjini humo, na hilo ndilo linalomweka msafiri wa Afrika Mashariki hatarini. Anaweza kuwa ameumwa na mbu Kigamboni au Kisumu, akaanza homa wiki ya pili akiwa Johannesburg. Daktari asiyeona malaria kila siku, tena katika majira ya baridi, anaweza kudhani ni mafua. Mgonjwa aseme mwenyewe kuwa ametoka nchi yenye malaria na aombe kupimwa damu siku hiyohiyo. Anayepanga kwenda hifadhi ya Kruger au maeneo ya nyanda za chini katika mikoa ya Limpopo na Mpumalanga ajikinge na mbu kama nyumbani, kwa kuwa huko malaria ipo.

Kurudi

Anayedai kodi ya bidhaa afike uwanjani mapema, maana mizigo inaweza kukaguliwa kabla haijakabidhiwa kwa shirika la ndege. Mifuko ya plastiki inayouzwa kihalali katika maduka ya Johannesburg iachwe hukohuko: Kenya iliipiga marufuku mwezi Agosti 2017 na Tanzania mwezi Juni 2019. Bidhaa za biashara zitangazwe forodhani pamoja na risiti zake.

Jambo la mwisho ni muhuri wa kutoka. Bila huo, kumbukumbu za uhamiaji zinaweza kuonyesha kuwa msafiri bado yuko Afrika Kusini, na siku zikaendelea kuhesabiwa dhidi yake. Siku 90 ni jumla ya mwaka mzima, hazianzi upya kwa kila safari. Aliyetumia 30 amebakiwa na 60, na anayetaka kurudi mwaka huohuo ahesabu hizo kabla ya kukata tiketi nyingine.